Kinyama cha Shangazi Kwenye Fomalini

Shangazi yangu wa Pongwe haamini kitu kisicholowekwa. Ndimu zake za achari hukaa juani mpaka zilainike zenyewe, na mgeni akiziomba kabla ya wakati hujibiwa kwa macho tu. Kwa hiyo alipokatwa kinyama cha kupimwa kwenye titi, akapewa kimo ndani ya kichupa cha fomalini akilete maabara ninakofanya kazi mjini, na Idi nayo imeshabisha hodi, hakuona sababu ya haraka. Alikiweka rafuni jikoni nyuma ya achari, akala sikukuu, akapokea wageni wa Muheza, akawaaga. Ndipo akaja nacho, amekifunga kwenye kitambaa kisafi.

"Nimekiacha kikolee," aliniambia kwa fahari, hata shikamoo yangu hajaiitikia.

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Fomalini haikolezi kitu; inafunga. Protini imejengwa kwa asidi amino, na fomalini huzishika baadhi yake, hasa ile iitwayo laisini, ikaziunganisha kwa vidaraja. Kwa kiasi ni vizuri, nyama haiozi. Ikikaa mno vidaraja vinajaa, na kingamwili, protini ya kuwinda tunayoimwagia nyama ili itupe rangi ya kahawia, haipati pa kushika. Kingamwili ina haya kama mshenga: ikikuta mlango umefungwa, haiingilii dirishani.

Tulikuwa tunatafuta kipokezi cha homoni, pale homoni inaposhika kwenye seli ya saratani. Kikionekana, shangazi angetibiwa kwa vidonge, anywe kwake. Kisipoonekana, ni dripu kali katika hospitali ya mbali, na yeye alishaapa kwamba haendi. Shangazi akiapa ameapa.

Kioo tulichobandika ukanda wa kinyama chake kilitoka buluu tupu, kahawia hata chembe hakuna. Daktari wetu wa kusoma vioo, Msambaa asiyependa maneno mengi, alikitazama kisha akanisogezea darubini. Nikaona mirija ya maziwa isiyo na ugonjwa, ambayo lazima ishike rangi, nayo imenyamaza vilevile. Hapo moyo ulinirudi. Jibu halikuwa kwamba kipokezi hakipo. Lilikuwa kwamba hatujui.

Dawa ya vidaraja ni moto. Vioo huchemshwa kwenye maji ya sitreti mpaka vifungo vilegee. Lakini chombo chetu cha kuchemshia kilikuwa kimechoka, kinatoa joto la uji wa mgonjwa, na kinyama kilicholowekwa Idi nzima kilihitaji sufuria ya presha. Mwenye sufuria hiyo niliyemjua alikuwa mmoja tu, aliletewa na bintiye kutoka Omani.

Nilikwenda Pongwe, nikaamkia, nikaomba. Alitaka kujua inakwenda kupika nini, nami sikupata uongo wa haraka.

"Nyama yako, shangazi."

Aliingia jikoni, akatoka nayo, akanionya kwamba mpira wa kifuniko ni mkaidi na mtu asiyejua kupika asiuguse. Nilipofika barazani akanifuata kusema nisizidishe chumvi. Nikamwambia sitreti yenyewe ni aina ya chumvi. Akasema alijua tu, maabara haina mpishi.

Sufuria ilipiga mluzi mpaka watu wa mapokezi wakaja kuuliza kama kuna pilau. Daktari aliwafukuza. Nilipaka rangi upya. Niliogopa kweli, maana huyu ndiye aliyenilea. Daktari aliinama kwenye darubini, akakawia. Safari hii mirija mizima ilikuwa ya kahawia, na seli zenye ugonjwa nazo za kahawia, kiini kwa kiini.

"Zimeshika," alisema, akaenda kuandika majibu.

Baada ya kuitwa kliniki na kuelezwa, shangazi alinitaka nije nimrudilie kila neno. Vidonge, nikamwambia. Hapa hapa nyumbani. Akakaa kizingitini, akafuta macho kwa pindo la dera. Sikuwahi kumwona akilia, hata misibani.

"N'shagawa kanga zangu zote," alisema. "Kesho twende ukanisaidie kuzidai."