Nyumba ya Casilda, na Casilda Akiwa Ndani

Wifi yangu Casilda Bohórquez aliuza nyumba yake akiwa hana sauti na uso wake ukiwa wa kijani. Hapa Cádiz, kusini mwa Hispania, kila mtu ana namna yake ya kuisimulia habari hii, na mbaya kuliko zote ni ile wanayosimuliana wateja kwenye duka la samaki wa kukaanga la Crispín. Kwa hiyo naiandika mimi. Nilikuwapo, nimesoma, na ni mjane wa Leandro Bohórquez, mfamasia, ambaye jina lake bado limeandikwa juu ya mlango wa duka la dawa. Jina hilo halijapata kuchezewa barabarani na mtu yeyote, isipokuwa dada yake.

Casilda hakuolewa. Wachumba aliwapata, tena wazuri, mmoja wao akimiliki nusu ya meli, akawaacha kwa sababu ambazo hakuona haja ya kuzieleza. Leandro alipelekwa chuo kikuu, yeye akapelekwa kwenye cherehani, na kwenye cherehani akabaki, akiwashonea mavazi ya Kanivali watu wazima wanaotaka kugeuka kamba wa baharini, maaskofu au vyoo vya umma. Alivuta sigara kali za kiume. Siku ya mazishi ya mama mkwe wangu alicheka kanisani, kwa sababu padri alimwita marehemu mtu mpole. Nikimwambia, "Wifi, watu wanatuangalia," hunijibu, "Si ndiyo maana umevaa hivyo?"

Alipozeeka, pensheni ya mshonaji ikawa haitoshi hata kwa hizo sigara, akafanya wanavyofanya wazee wengi wa hapa wasio na watoto: akaiuza nyumba pamoja na yeye mwenyewe ndani. Mnunuzi hulipa pungufu, hupewa hati, kisha hukaa akangoja. Muuzaji huendelea kulala kitandani kwake mpaka Mungu amwite, ndipo mnunuzi anapokabidhiwa ufunguo. Ni biashara halali, watu wa heshima wanaifanya, ila si jambo la kuzungumza mezani, kwa sababu kila upande unajua mwenzake anaomba nini akipiga magoti.

Mnunuzi alikuwa Bwana Evelio Sarmiento wa Burgos, mstaafu, aliyekuwa akiuza majiko ya kupashia nyumba joto katika mji ambao hata mwezi wa Agosti, katikati ya kiangazi, watu hulala na blanketi. Alitaka nyumba ya pili karibu na bahari, jua limkaushe mifupa. Dalali akamleta Jumatatu, Kanivali ikiwa imekwisha jana yake.

Mwenyeji asingekuja kununua kitu siku hiyo. Mwenyeji anajua kwamba wiki hiyo nusu ya watu wa La Viña, mtaa wetu, wako kitandani. Casilda alikuwa ameimba nyimbo za kejeli kwenye pembe za barabara tangu Kanivali ianze, yeye na kikundi chake cha wanawake, wamevaa kama matango, na ile rangi ya kijani waliyoinunua kwa bei ya kutupa ilikataa katakata kutoka. Bwana Evelio aliingia chumbani akamkuta bibi wa kijani, anakohoa, hawezi kutamka neno, na mimi kando yake nimevaa nguo nyeusi nimeshika beseni. Akavua kofia.

"Anateseka sana?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Sana," nikamjibu. Kichwa kilikuwa kinampasuka, na mgeni hana haja ya kuelezwa habari za mvinyo.

"Na madaktari wanasemaje?"

"Hatujawaita. Waje kusema nini?"

Bwana Evelio akatoka nje roshanini, akaiona bahari kati ya majengo mawili, akanunua.

Siku ya kutia saini kwa wakili, Casilda alifika amepaka rangi nyekundu mdomoni, akapanda ngazi huku anaimba. Bwana Evelio alimtazama kama mtu aliyenunua kuku wa supu akamwona anaruka ukuta. Lakini alikwisha kuwatangazia rafiki zake wote wa Burgos kwamba ana nyumba baharini, na aibu ilimzuia kurudi nyuma. Akasaini.

Tangu hapo akawa anakuja kila mwaka baada ya Pasaka, na tena kabla ya Krismasi, "kuitazama nyumba." Alifikia kwenye nyumba ya wageni mtaa wa pili, akapanda mpaka ghorofa ya nne na zawadi mkononi. Zawadi zenyewe sikuzipenda: sigara, na soseji za damu za kwao, zenye mafuta ya kuziba mishipa ya farasi.

"Huyu bwana anataka kukuua," nilimwambia Casilda.

"Najua, wifi. Nisogezee mkate."

Walikaa roshanini, yeye anakula, mwenzake anamwangalia anavyokula.

"Na kikohozi, bibi?"

"Kipo, hakijambo. Na chako?"

"Mimi sina kikohozi."

"Umri wako huo? Basi kiko njiani."

Miaka ikapita hivyo. Casilda akanenepa kwa soseji. Kilichomwangusha mwishowe hakikuwa moyo wala mapafu, ni goti. Likakataa ngazi kama punda anavyokataa daraja, na jengo letu ni la zamani, ngazi zake zilijengwa na mtu asiyewapenda wenzake. Nasema letu kwa sababu mimi nakaa ghorofa ya kwanza. Casilda akawa hashuki tena. Aliteremsha kikapu kwa kamba kutoka roshanini, Crispín, ambaye duka lake liko chini ya jengo letu, akamtilia samaki wa kukaanga, na wote wawili wakatukanana kwa upendo kutoka juu hadi chini, mtaa mzima ukisikiliza.

Binti yangu akatafuta nafasi kwenye nyumba ya wazee ya masista huko Puerto Real, ng'ambo ya ghuba. Pasafi, kimya, supu mara mbili kwa siku. Akapewa jibu kwamba kitanda kitakuwa tayari Kanivali ikiisha.

"Mimi sitoki humu kwenda kwa masista," alisema Casilda. "Nikitoka humu, ni kwenda kuimba au kwenda kuzikwa."

"Huwezi kuishi kwa kamba, wifi."

"Basi nileteeni lifti."

Na kweli, lifti ilikuwa inazungumzwa. Baadhi ya wenye nyumba walitaka, ila njia ya lifti ingekata pembe ya stoo ya Crispín, pale anapoweka unga na mafuta, na Crispín alikwisha kuwavuta upande wake watu wa chini wasioihitaji. Tulihesabu vichwa jikoni kwangu. Ilipungua kura moja, na hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria siku ile kwa wakili. Kura ya ghorofa ya nne haikuwa ya Casilda. Aliiuza pamoja na kuta. Kwa mambo makubwa kama lifti, anayepiga kura ni mwenye hati, yaani yule yule anayemngoja afe.

Nilitaka nizungumze naye mimi, kwa lugha ya watu waliosoma. Casilda alikataa. "Utambembeleza kwa Kilatini, atadhani tumeshamwita padri. Mwache aje."

Akaja, siku ya mkutano, mchana. Nilimsikia akipita mlangoni kwangu, nikamfuata. Kwenye ghorofa ya pili alisimama akajifanya anatazama vigae. Kwenye ya tatu hakujifanya chochote, alikaa chini. Nilimsukuma kwa nyuma, jambo ambalo naomba lisirudiwe kwenye duka la samaki. Alipofika juu midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Casilda alimpisha kwenye kiti chake, akampa maji, akamlegezea tai.

"Usinifie humu, Bwana Evelio. Nyumba ni yako, lakini watakaoulizwa ni sisi."

Alikuwa bado anatafuta pumzi. Casilda akatumia nafasi hiyo.

"Nitakuambia waziwazi, maana wifi yangu huyu angezunguka mpaka kesho. Lifti ikiwekwa, mimi nitakaa humu mpaka niwe kero. Isipowekwa, nakwenda kwa masista, na huko supu itanimaliza mapema. Ungekuwa umengoja kidogo tu. Amua unavyotaka. Ningekuwa wewe, hata mimi jambo hilo lingenikaa rohoni."

"Wifi!" nilisema.

"Nini? Hajui?"

Bwana Evelio alikunywa maji yake mpaka mwisho, akashuka.

Mkutano ulifanyika ukumbini chini, kila mtu na kiti alichokitoa kwake, kama kawaida yetu. Casilda, kwa kuwa hawezi kushuka, alivuta kiti mpaka kwenye reli ya ngazi huko juu, akawa anasikiliza kupitia uwazi wa katikati. Mwenyekiti, ambaye mwaka huo ilikuwa zamu ya mwalimu wa kinanda wa ghorofa ya pili, alisoma hoja. Crispín hakungoja amalize. Alisimama na aproni yake ya mafuta.

"Mimi nitasema na huyu bwana wa Burgos, mfanyabiashara mwenzangu," alisema. "Bwana, hebu fikiri. Ulinunua kitu ukitegemea muda. Hizi ngazi zinakufanyia kazi bure. Kila ngazi inayomshinda yule bibi inakusogezea ufunguo. Sasa unataka ulipe ili umrudishie miguu? Hiyo ni biashara gani?"

 Lile ni jambo ambalo kila mmoja wetu alilijua kwa miaka, na hakuna aliyewahi kulitoa mdomoni mbele ya watu waliovaa vizuri.

"Crispín," nilisema, "unamtaja Bohórquez."

Sauti ikashuka kutoka ghorofa ya nne. "Mwache aseme, wifi! Leo ndiyo mara ya kwanza Crispín anasema kweli tangu aniambie samaki ni wa jana!"

"Ni wa leo, mama mchawi!"

"Paka wanakucheka!"

Bwana Evelio alikuwa amewekwa kwenye kigoda cha kinanda, na kigoda kile huzunguka, kwa hiyo alipotaka kumkabili Crispín alimpita, ikabidi arudi. Uso ulimwiva. Nadhani hakuwahi kuyasikia mawazo yake mwenyewe kwa sauti, na kuyasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu anayenuka dagaa si jambo la kupendeza.

"Hiyo lifti," alimuuliza mwenyekiti, "itafika ghorofa ya nne, au itaishia ya tatu?"

"Ya nne, bwana."

"Na mtu akiishiwa pumzi ndani yake, ina kiti?"

"Kinaweza kuwekwa."

Akageukia tena upande wa Crispín, safari hii akaupata. "Mimi nimeuza majiko tangu ujana, bwana wewe, na hakuna mteja aliyewahi kuniambia ninawaza nini. Mawazo yangu ni mabaya ya kutosha, hayahitaji msaada wako. Lakini hesabu yako si sahihi. Leo nimepanda hizo ngazi na nimeona nyota saa nane mchana. Nina nyumba baharini ambayo siwezi kuifikia. Bibi huyu akiondoka kesho, atakayekuja kukaa humo ni mzee mbovu kuliko yeye, na hatakuwa na mtu wa kumsukuma kwa nyuma." Hapo alinitazama, nami nikatazama vigae. "Nakubali lifti. Andika."

Mwenyekiti akaandika. Crispín akakaa, akasema hiyo stoo ilikuwa na unyevu hata hivyo.

Huko juu tulisikia kiti kikisogezwa karibu zaidi na reli. Kisha:

"Bwana Evelio!"

"Naam, bibi!"

"Sasa utangoja sana!"

"Nimeelewa, bibi!"

"Huenda ukatangulia wewe!"

"Basi wataandika kwenye tangazo langu la kifo kwamba nilikuwa na nyumba Cádiz!"

Mafundi walikaa muda mrefu kuliko walivyosema, masista wakampa mtu mwingine kitanda, na lifti ikaanza kazi Kanivali inayofuata ilipokaribia. Aliyeipanda wa kwanza ni Casilda. Kwa kuwa nilimjua, nilimwomba jambo moja tu: asiliingize jina la ukoo kwenye wimbo. Aliniahidi. Akashuka amevaa jengo. Alilishona mwenyewe kwa kitambaa cha magodoro, lenye madirisha, kibao cha INAUZWA, na yeye kichwa chake kikichungulia kwenye roshani ya ghorofa ya nne. Kikundi chote kilivaa hivyo. Waliimba kuhusu mtu wa León, mji mwingine wa kaskazini, aliyenunua nyumba yenye bibi ndani, kila mwaka akamtilia sumu ya soseji, na bibi akawa kama mfupa wa samaki kwenye koo la nyumba, hamezeki wala hatemeki. Jina la Bohórquez lilikuwa kwenye kiitikio. Watu wote waliitikia.

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa Crispín. Mbele yangu alikuwa Bwana Evelio, aliyekuja mapema mwaka huo kuijaribu lifti, ameshika samaki wake kwenye karatasi bila kuwala. Niliona shingo yake imesimama. Wimbo ulipokwisha alipita katikati ya watu mpaka mbele ya jengo.

"Bibi Casilda. Mimi si mtu wa León."

"Burgos haikukubali kuimbika, bwana."

"Kama ni kunidhalilisha, nidhalilishe na mji wangu. Watu wa León wamefanya nini hata wapewe sifa hizi?"

Nilimwelewa kabisa. Kati ya umati ule wote tulikuwa wawili tu wenye kujua jina ni kitu gani. Nilimshika Casilda kwenye dirisha lake la ghorofa ya pili nikamwambia amrekebishie bwana, na kwenye pembe iliyofuata aliimba Burgos, vina vikavunjika vibaya, na yeye Bwana Evelio akapiga makofi mpaka samaki wakamwagika.

Jumatatu baada ya Kanivali kwisha nilikuwa kando ya kitanda na beseni. Casilda hakuwa na sauti, na uso wake ulikuwa wa rangi ya matofali, maana bado hununua rangi pale pale. Lifti ikalia, mlango ukagongwa, akaingia Bwana Evelio. Alimtazama mgonjwa, akanitazama mimi na nguo zangu nyeusi, akavua kofia.

"Amekaribia?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Sana," nikamjibu.

Akaitundika kofia yake nyuma ya mlango, akaenda jikoni kuchemsha maji ya ndimu na asali, akiuliza kwa sauti kubwa sufuria za nyumba yake zinawekwa wapi.