Kutafuta Wahindi Nachingwea

Nilikwenda Nachingwea kutafuta Wahindi wa kumzika Mhindi wetu. Enzi zile za mradi wa karanga wa Waingereza, Kasamu, mwenye duka hapa Ruangwa, alikata roho alfajiri. Alikuwa Mwislamu, akisali nasi safu ya mbele. Kimwera chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na mkewe, Bi Somoe, ni Mmwera wa kijiji cha Likunja. Lakini wazee wetu, kwa hekima yao nzito, walikataa kuigusa maiti.

“Mhindi huoshwa na Wahindi wenzake,” alisema mwalimu wa msikiti. “Tusije tukavunja miiko ya watu.”

Bi Somoe alinishika mkono. “Shemeji, wahi. Kwa joto hili, jua lisizame mume wangu hajapata kaburi.”

Asubuhi ile nilidandia lori la mbao. Mnero tulisimama kuitilia injini maji, nikamweleza dereva shida yangu. Akacheka. “Nachingwea Wahindi tele! Utachagua mwenyewe.”

Nachingwea nilianza kwa karani wa stoo, bwana mwenye tai. Alinipa pole, kisha akakunja uso. “Mimi Mgoa. Serikali yangu ya Kireno, dini yangu ya Kirumi. Mhindi katafute madukani.”

Dukani, muuza vitambaa alinikaribisha chai ya maziwa, nikadhani nimefika. “Mhindi gani tena?” akasema. “Nchi imegawanyika, sisi Wapakistani. Halafu yule alioa Mswahili, akawa Mswahili. Mzikeni nyinyi.” Nilikasirika sana, ingawa chai niliimaliza.

Adhuhuri nilimkuta fundi Kalasinga chini ya trekta, ndevu zimejaa grisi. “Sisi tunachoma maiti, bwana. Nikimwosha mimi, Mungu wako atakasirika na wangu atacheka.” Akatoka, akafuta mikono. “Kuosha siwezi. Gari ninalo. Panda.”

Alasiri tuliingia Ruangwa kwa vumbi. Wazee walikuwa wamekaa pale pale nilipowaacha, wakilinda miiko.

“Wahindi wako wapi?” aliuliza mwalimu.

“Nachingwea nzima hawapo. Nimekuta Mgoa, Mpakistani na Kalasinga.”

Bi Somoe alitoka kwa wanawake, kanga imelowa machozi. “Basi kama Wahindi hawapo, hata mume wangu hakuwa Mhindi. Huyu ni Kasamu, mlisali naye jana. Mwosheni, au nitamwosha mwenyewe mbele yenu.”

Wazee walitazamana. Mwalimu akakunja mikono ya kanzu, akaomba maji. Jua lilikuwa bado juu ya mikorosho tulipomlaza kaburini, na Kalasinga alishika koleo pamoja nasi.

Safari ile ilinifunza kuwa Mhindi ni mtu ambaye kila mmoja anamjua na hakuna anayekubali kuwa ndiye. Nikadhani na wenzangu wamejifunza.

Eda ilipokwisha, Bi Somoe alilifungua duka la marehemu mwenyewe, Mmwera mtupu. Siku hiyo hiyo nilikutana na mwalimu njiani, chupa tupu ya mafuta ya taa mkononi.

“Wapi, mwalimu?”

“Kwa Mhindi,” akanijibu, wala hakutabasamu.