Mtu wa Plastiki Niliyempiga Chapa

Wajukuu wangu wana ndoo nzima ya watu wa plastiki. Wamenunuliwa mnadani Karatu. Wengine wana mapanga, wengine mabawa, mmoja ana kichwa cha chui, na wote wanalala chini ya kiti changu, kila nikinyoosha mguu namkanyaga mmoja. Siwafokei watoto. Nimechoka kufoka, na mgongo hauniruhusu kuinama niwaokote. Ila nikimkanyaga mmoja namkumbuka wa kwangu, niliyekaa naye siku tisa tu.

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mnivumilie nikienda kando. Kwetu ni Buger, mahindi na maharage na ng'ombe wachache. Baba alikuwa anasafisha vyumba kwenye hoteli moja kule juu, ukingoni mwa kreta, na kaka yake, baba mkubwa, alikuwa hapohapo akifua mashuka. Miaka ya sabini ilikuwa inaisha, mpaka wa Kenya umefungwa, wageni wamepungua, sukari na sabuni ni vya kutafuta kwa tochi. Nyumba yenye mtu wa mshahara iliheshimika. Sisi tulikuwa nyumba mbili zenye watu wawili wa mshahara, na majirani walisema tuna bahati, wengine walisema kwa mdomo uliopinda.

Baba akija mapumziko ya mwisho wa mwezi aliniletea vitu vya pipa la taka la hoteli. Hivyo vilikuwa halali, meneja mwenyewe aliwaambia chukueni. Askari wa kijani asiye na kichwa. Tairi moja la gari dogo. Twiga aliyetafunwa masikio na mtoto wa Ulaya. Nilivitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na ng'ombe wangu wa udongo niliowafinyanga mtoni, pembe zao miiba. Wavulana wa baba mkubwa walikuwa na magari ya waya, lakini yule askari waliniona naye wakanuna, hata kama hakuwa na kichwa. Tulibadilishana sana. Kuna siku nilitoa mafahali wawili kwa kifuniko cha chupa chenye picha ya simba, nikajuta wiki nzima, maana wale mafahali niliwapa majina. Nimeshapotea. Nirudi.

Safari moja baba akatoa mfukoni mtu mzima. Mzima kweli, urefu wa kiganja, magoti yanakunjika, viwiko vinakunjika, ana buti na ndevu za kuchorwa. Huyu hakutoka pipani. Baba alimkuta chini ya kitanda baada ya wageni kuondoka, na sheria ilikuwa kitu kilichosahaulika kipelekwe ofisini. Sisemi baba hakujua. Alijua. Aayo, ndivyo tunavyomwita mama, alimtazama yule mtu, akamtazama mumewe.

"Na huyu naye ametupwa?"

"Chai iko wapi?" baba akasema.

Wavulana wa baba mkubwa walipomwona walimzunguka kama inzi.

"Huyo ni wa ukoo," alisema mkubwa wao. "Si wako peke yako."

"Kaniletea baba yangu."

"Una alama wewe? Msichana hana alama. Utaolewa, na huyo mzungu utamwacha hapa achunge mbuzi wetu."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi lile neno liliniingia. Ng'ombe wetu walikuwa wanapigwa chapa ya upinde wenye nukta chini yake. Baba na baba mkubwa ni ndugu, kwa hiyo alama ilikuwa moja. Baba mkubwa alipiga paja la kulia, baba la kushoto. Toka Karatu hadi Loliondo, mtu wa mifugo akiliona paja la ng'ombe anajua ni wa nani bila kuuliza.

Nikachukua spoku ya baiskeli, nikaitia jikoni mpaka ikawa nyekundu, nikampiga chapa yule mtu. Harufu yake sijaisahau. Lakini sikilizeni kosa langu. Ng'ombe unampiga chapa ukiwa nyuma yake, kushoto kwake ni kushoto kwako. Yule mtu nilimlaza chali, ananitazama. Nikachoma paja lililo upande wangu wa kushoto. Lilikuwa lake la kulia. Niliringa naye siku zilizobaki na wala sikugundua.

Siku ya tisa baba akatokea saa sita mchana, siku ambayo si yake.

"Yuko wapi yule mtu? Mlete upesi."

Wale wageni walikuwa wameenda Serengeti. Dereva wao alileta ujumbe kwamba wangepita tena kesho yake, mtoto wao hali wala halali, anamtaka mtu wake. Baba alimwambia aayo atamrudisha chini ya kitanda, mwenzake atamwokota, yatakuwa yamekwisha. Nikamleta. Baba akamshika, akaliona paja. Alitoa kisu akalikwangua, plastiki ikabaki nyeupe lakini upinde ulikuwa umezama. Akamfunga kwenye gazeti akaondoka bila kula.

Yaliyofuata nilisimuliwa miaka mingi baadaye na mlinzi wa geti la hoteli ile, Mmasai wa Oloipiri, tulipokutana mnadani. Alisema yule mtu aliokotwa na mfanyakazi mwingine kama baba alivyopanga. Meneja akaona paja limeungua, akawapanga wote mstari, akauliza hiki ni nini.

"Nilijibu kama mjinga, dada yangu," mlinzi aliniambia. "Nimeonyeshwa alama, nikasoma alama. Nikasema hii ni ya mzee wa mashuka, ya kwake ndiyo inakaa kulia. Nilidhani napewa mtihani!"

Baba mkubwa akaitwa, mikono ina povu. Akasema huyu mtu simjui. Meneja akamwambia avue sare, aende.

"Na baba yangu?"

"Alikuwa amesimama kando yangu. Alisimama sana. Kaka yake alikuwa ameshafungua vifungo vyote, anavua mkono wa kwanza, ndipo baba yako akasema, mwacheni, ni mimi."

Mtu aliyezaliwa penye ng'ombe haangalii chapa bila kujua iko upande gani. Baba alilishika lile paja nyumbani, akalikwangua kwa kisu. Alipomweka chini ya kitanda alijua kosa litamwangukia nani? Sikumuuliza mpaka namzika. Baba mkubwa naye sijui kama alimuuliza.

Kesho yake baba alirudi na kikombe chake cha bati na viatu vyake vya kazi. Hakunipiga. Aliniambia tu, "Ulichoma upande wa wenyewe," akachukua jembe. Kazi ya mshahara hakuipata tena.

Baba mkubwa alibaki hotelini. Kila mapumziko alipitia kwetu kabla hajafika kwake, na sukari kidogo kwenye karatasi, sukari ambayo dukani haikuwepo. Baba alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba, wakaongea habari za mvua. Ile karatasi ilikaa mezani katikati yao imefunguliwa. Baba alikunywa chai yake hivyohivyo, chungu. Kaka yake akimwona hatii sukari, naye hakutia. Aayo akasema yeye ana kiungulia.

Mimi nilitia vijiko viwili, nikakoroga.