Siku Mama Alipotajwa kwenye Runinga

Juzi nilimwona yule mchekeshaji kwenye simu, mgeni tena katika kipindi cha mahojiano ya vichekesho, nikaizima.

Zamani alikuwa jirani yetu mtaani Silanga. Mama, aliyeuza maharagwe na kusema kwa kigugumizi, alimlisha kila siku. Alasiri alipoalikwa kwenye kipindi hicho mara ya kwanza, tulijazana kwa jirani mwingine mwenye runinga, chumba kikinuka mafuta ya taa.

"Ulipokuwa umesota, nani alikulisha?" mtangazaji akamuuliza.

"Ma-ma-maharagwe!" akaiga sauti ya mama. Watu wakaangua kicheko.

"Ni mathe wangu huyo!" nikapiga kelele kwa fahari.

Mama alijifunika uso kwa leso, nilidhani anacheka.

Kuanzia kesho yake wateja walimwita Mamamaharagwe. Lakini wa kwanza kumwita hivyo nilikuwa mimi, tukirudi nyumbani, nimemshika mkono.