Hewani Ilisikia, Mau Narok Ikanyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu wala panga. Niliambiwa nivue pete.

"Pete, saa, bangili. Na simu uiache hapo kwa dirisha," alisema Mpimaji Mkuu wa ofisi yetu ya upimaji ardhi pale Nakuru. "Hapa tunataka mashine isikie chuma moja tu."

Nilikuwa bibi arusi wa miezi mitatu. Pete niliivua shingo upande, nikaiweka mfukoni. Akasema hata mfukoni iko karibu mno, niipeleke dirishani na yenyewe.

Mezani palikuwa na ditekta mbili, zile mashine za kutafuta chuma kilichofunikwa na udongo. Moja ilikuwa ya zamani, nzito, yenye mshale. Nyingine ilikuwa mpya na nyepesi, yenye kioo cha namba. Meza yenyewe iliunganishwa kwa gundi, haikuwa na msumari hata mmoja, na mzee yule aliitunza kuliko gari la ofisi. Tulizihitaji mashine hizo kwa sababu ya bikoni, ile fimbo ya chuma inayosimikwa ndani ya zege kwenye kona ya shamba. Miaka ikipita udongo huifunika, na majirani wakigombana ni lazima mtu aende kuitafuta.

Jaribio la hewani hufanywa hivi. Unalaza mashine ubavu ili koili, yaani lile duara lake la chini, litazame mahali patupu. Unanyoosha rula ya mbao mbele yake, kisha unasogeza kipande cha fimbo ya bikoni polepole kutoka mbali. Pale mashine inapolia, na kurudia kulia ukijaribu tena, ndipo unapoandika namba. Halafu unaijaribu mashine ya pili kwa kipande kilekile, uone ipi inasikia mbali zaidi.

Nikasogeza mkono. Ulikuwa ungali mbali na koili, hewa tupu katikati, mashine ikalia! Nilirudisha mkono, ikanyamaza. Nikausogeza tena, ikalia tena. Nilicheka peke yangu mpaka nikaona haya, maana hakuna kilichogusana na kingine, na bado chuma kilikuwa kimeitwa kikaitika. Mpaka leo nikiona jambo lile nywele hunisimama.

Ile mpya iliishinda ya zamani kwa shubiri nzima. Mpimaji Mkuu akaandika namba yake kwa wino mwekundu, akasema, "Hii ndiyo ya kwenda shamba. Kama bikoni iko, itaisikia."

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kariandusi, na naamini ndiko nilikoharibikiwa. Udongo wa kule ni mweupe kama unga wa ngano, umetokana na maganda ya vijimea vya ziwa lililokuwepo kabla ya binadamu kuandika chochote. Hauna chuma ndani yake. Ukipitisha koili juu yake mashine hutulia tuli, na fimbo iliyo chini husikika karibu sawasawa na ilivyosikika mezani. Nilichimba kona ya kwanza nikaikuta pale nilipoonyesha. Ya pili vilevile. Nikaanza kuiamini ile namba nyekundu kama aya ya Biblia.

Miaka ikaenda. Nikapandishwa cheo, mashine ikawa yangu, na neno langu likawa na uzito. Kwenye fomu kuna mahali pa kujaza kama bikoni imepatikana au haikupatikana. "Wewe ukisema haiko, mimi natia sahihi," Mpimaji Mkuu aliniambia. Sikatai, kichwa kilinivimba.

Ndipo tukaitwa Mau Narok. Mjane mmoja, Mama Sara, alikuwa na shamba dogo la viazi chini ya shamba kubwa la ngano la jirani yake. Jirani alitaka kujenga ua, na bikoni ya kona haikuonekana. Katika kazi yetu chuma cha kwanza kilichosimikwa hushinda hesabu ya karatasi. Kisipopatikana, kona hupangwa upya kutoka bikoni zilizobaki, na hesabu hiyo ilipitisha mstari katikati ya sebule ya Mama Sara. Nyumba ilikuwa ya mawe, na mawe yale aliyabeba mwenyewe.

"Iko hapa kwa mteremko," alisisitiza, akionyesha kwa kidole. "Mzee wangu alinionyesha. Tulikuwa tunakalia hiyo simiti tukikula viazi."

Nikawasha mashine. Ilipiga kelele ovyo kila nilipoielekeza, kana kwamba shamba zima ni chuma. Nikafanya kile tulichokuwa tukifanya sote: nikapunguza usikivu wake mpaka ikatulia. Nikapita mteremko mzima, kwenda na kurudi. Kimya.

"Haiko," nikamwambia Mpimaji Mkuu.

"Una hakika?"

"Mashine niliipima mwenyewe hewani, mzee. Unajua inafika wapi."

Akafungua kalamu.  Mama Sara aliingia ndani, na nikamsikia akianza kusogeza viti.

Nilikwenda kukusanya vifaa. Antena yetu ya setilaiti, ambayo kitako chake ni sumaku ili ishike juu ya gari, nilikuwa nimeiweka chini wakati wa kufuta paa. Nilipoiinua, kitako kilikuwa kimeota ndevu nyeusi. Nikazifuta kwa kidole, nikaigusisha udongoni tena, zikaota tena. Ule ulikuwa udongo wenyewe, jivu la volkano la enzi za kale, limejaa chembe za chuma kote mlimani. Mashine haikuwa na wazimu. Ilikuwa ikisikia mlima mzima ukisema, nami nikaiziba masikio, kisha nikaendelea kuapa kwa namba ya mezani.

 Nilichimba shimo, nikafukia kile kipande chetu cha fimbo kwa nusu tu ya ile namba nyekundu, nikafunika, nikapitisha koili. Kimya. Nilikuwa nimekifukia kwa mikono yangu, na mashine ilikuwa ikiniapia kwamba hakuna kitu.

"Mzee, usitie sahihi," nikasema. "Nilichosema si kweli."

Alitazama shimo, kisha akanitazama mimi. Nilidhani atanifukuza kazi palepale. Akafunga kalamu. "Tutachimba," akasema.

Tulichimba kwa kuparuza: unaondoa udongo wa unene wa kiganja, unapitisha koili, unaondoa tena. Mama Sara alitoka na jembe lake akatushinda sote. Jua lilipokuwa linainama kuelekea Narok nikasikia mlio, mwembamba sana, lakini ulirudi kila nilipourudia. Tukashuka zaidi. Jembe likagonga zege, na katikati ya zege fimbo ilikuwa imesimama wima, imekula kutu, haijasogea hata chembe. Kuna mtu tusiyemjua aliyeisimamisha pale, akaenda zake, akafa pengine, na ngano ikapandwa na kuvunwa juu yake miaka yote hiyo. Mpimaji Mkuu alivua kofia, nami nikalia bila aibu.

Mstari ulipita nje ya nyumba. Kati ya ukuta na mpaka ilibaki nafasi ya mtu kupita na ndoo ya maji.

Mama Sara alituletea chai. Akanikabidhi kikombe, akaniuliza kwa upole, "Sasa madam, na wale wengine mliambia haiko?"

Swali lile nikarudi nalo ofisini. Tulirudia faili tulizoweza kabla mzee hajastaafu. Kwa vijana wanaoanza kazi hii nasema: zipimeni mashine hewani, ni njia nzuri ya kujua ipi ni hodari kuliko mwenzake. Lakini ukifika shamba, fukia kipande chako katika udongo wa siku hiyo kwanza. Hewa haijui chochote kuhusu ardhi.

Mwaka jana, nikiwa nimeshastaafu, nilinunua ditekta yangu nikaenda kwenye shamba moja chini ya Menengai. Fomu yake ina mwandiko wangu: haikupatikana. Kijana anayeishi pale alinikuta nimepiga magoti.

"Sasa mathe, umepoteza nini hapa?"

Nilimwambia sijapoteza kitu, akaniacha nikachimba. Bikoni ilikuwepo, shubiri mbili tu chini. Kwa kuifuata, pale kijana alipopanda sukuma wiki palikuwa pa mzee mmoja, aliyebomolewa nyumba kwa neno langu, baada ya kunishika mkono siku ile ya kupima akinisihi nitafute tena. Mzee mwenyewe ameshafariki. Nimempata binti yake, anafanya kazi kwenye mashamba ya maua kule Kamere, na Jumamosi yuko huru. Nakwenda kumwambia kwa mdomo wangu kwamba baba yake alikuwa akisema kweli.