Mgeni Aliyevuka Kamba

Kazi yangu pale msituni ilikuwa kuwasomea wageni masharti kabla hawajaingia kuwaona popo. Msipige makofi ili waruke mpate picha. Msivuke kamba. Msitoke na kitu, hata jani. Kamati ya kijiji ilinipa kazi ile kwa sababu sioni haya kumkatalia mtu.

Yule bwana alikuja mara ya kwanza siku ya Jumatatu, peke yake, na begi mgongoni. Kwa lafudhi tu nilijua ni mtu wa Unguja. Wageni wengi hukaa nusu saa, harufu ikiwashinda huondoka. Yeye alikaa mpaka alasiri. Jumatano akarudi. Alhamisi akarudi tena, na safari hii alitoka na udongo mwekundu magotini, ilhali njia yetu tumeimwagia mchanga mweupe mwanzo mpaka mwisho.

"Umevuka kamba?" nikamuuliza.

"Hapana, Bi. Nimeteleza."

Sikumwamini. Huku kwetu wapo watu ambao bado wanakula popo, na wapo wanaowauza kwa siri. Jioni nikamsimulia mume wangu tukiwa tunakula.

"Mpekue begi lake," akasema, akaendelea kumenya muhogo.

Jumamosi mgeni alipoingia nilimwacha atangulie, kisha nikamfuata polepole. Nilimkuta mbali kabisa na kamba, juu ya mti, kisu mkononi.

"Shuka!"

Akashuka. Nikamnyang'anya begi, nikalimwaga chini. Ukatoka wavu mkuukuu wa kuvulia samaki, umekatwakatwa.

"Kumbe ni wewe unayetega!"

"Ningekuwa mimi ningeukata?" Alikuwa akihema. "Huu wa tatu. Jumatatu nilimwona popo amenasa juu kule. Niliogopa kukwambia, Bi. Sikujua kama na wewe umo."

Maneno yale yalinichoma. Nikainama niokote vipande nimwoneshe kwamba simo, ndipo nikaona boya moja limesahauliwa kwenye kamba ya wavu: duara la mpira wa njano, lililokatwa kwenye kandambili. Zilikuwa kandambili zangu. Zilipokatika ukanda mume wangu aliziomba, akasema nyayo zake zinafaa kwa maboya.

Sikumwambia mgeni kitu. Nililifumbata lile boya mpaka nyumbani, nikaliweka mkekani mbele ya mume wangu.

"Maboya yote yanafanana," akasema.

"Na kandambili zangu zinafanana na za nani?"

Akalisukuma boya pembeni. "Nilitega mara mbili tu."

"Kesho uende kwenye kamati kwa miguu yako. Usipokwenda, nakwenda mimi."

Alikwenda. Kamati ikamwamuru atoe nyavu zote mbele ya macho yao, nami nikiwapo. Alipanda miti mitano. Kila aliposhuka na wavu mwingine nilitazama pembeni.

Mgeni hakurudi tena. Mimi kazi waliniachia, ila waliniletea mwanamke mwingine langoni, wakasema ni wa kunisaidia. Simu yangu ikilia, hukatiza anachosema ili asikie nazungumza na nani. Simlaumu. Nami mpaka leo, mume wangu akirudi, natoka uani kutazama amebeba nini.