Mbegu za Mushika-Muchanga

Nilitoka Uvira kwa sababu ya mchanga. Mama yangu tulimzika Kasenga, hapohapo Uvira, karibu na ziwa, na upepo ulikuwa ukimfunua kidogo kidogo. Msalaba ulishaanza kuinama. Mvua kubwa ingekuja kabla sijapata cha kuushika ule mchanga, tungeokota mifupa. Dawa ilijulikana: kichaka kifupi cha maua ya manjano, tunachokiita mushika-muchanga, kinachopenda mchanga mtupu. Kwetu mbuzi walikuwa wamekimaliza. Nilijua kimebaki Bwegera, kwa mdogo wake mama.

Saa kumi na mbili asubuhi, Nyamianda. Nilipanda kamio ya pamba iliyokuwa ikirudi tupu. Dereva aliapa tutafika kabla ya saa nne. Karibu na Sange gurudumu likapasuka. Akaenda kutafuta kiraka, akakuta pombe kwanza. Nilikaa juani hadi saa nane, na ruhusa ya safari niliyopewa misheni ilikuwa ya siku mbili tu!

Bwegera, jioni. Mama mdogo alinipa wali na samaki. Nilipomweleza shida, alimlilia dada yake, kisha akasema:

“Mbegu minye siwezi kukupa, mutoto wangu.”

“Lakini mama, si vichaka viko pale nyuma ya nyumba, vimejaa?”

“Iko mingi. Lakini siwezi.”

Nililala na hasira. Dada yake anafunuliwa na upepo, yeye anang’ang’ania majani!

Kesho yake mchana alitandika mkeka mlangoni, akasema kwa sauti kubwa, “Minye nalala. Hata nyumba ikianguka, sitasikia.” Nikamtakia usingizi mwema, nikakaa kumfukuzia nzi. Akafungua jicho moja.

“Weye uko hapa bado?”

“Niko, mama.”

Akashusha pumzi. Akanituma nikachukue kikapu kule kwenye vichaka, nisirudi mbio. Nilirudi nacho mbio. Hapo akaketi, akapiga paja.

“Eh, mukatekista! Hii mbegu haiombwi. Ukiiomba, haioti. Ni kuiba tu! Sasa minye nalala mara ya pili, na kamio iko njiani!”

Miaka yote nimewafundisha watoto amri ya saba, usiibe. Hata hivyo nilichuma maganda makavu, nikajaza mifuko ya kaptula. Nikasahau kwamba maganda yale yakikauka hulia. Nilipita mbele ya mkeka kwa kunyata, cha-cha-cha kila hatua, naye amefumba macho, tumbo linamcheza kwa kicheko.

“Mama yako naye alilala hivi,” akasema, macho bado yamefumbwa, “siku minye niliiba zile kwake, kule Kasenga. Umurudishie.”

Nililia mpaka barabarani.

Kurudi Kasenga. Nilizipanda mbegu kaburini siku ileile niliyofika. Mvua ya kwanza ikaziotesha, na sasa msalaba umesimama wima kati ya maua. Nimejifunza kwamba wengine hutoa kwa kufumba macho. Wangeniambia mapema, ningeokoa siku nzima!

Leo jirani, ambaye kaburi la baba yake liko hatua kumi kutoka la mama, amekuja kuniomba mbegu. Nimemkatalia. Nimetandika mkeka, nimefumba macho, nakoroma kwa nguvu zangu zote. Na yule mjinga amesimama palepale, anasubiri niamke.